Kigae

Kamati ilinipa nyundo, patasi na siku nne:
bandua vigae vya kale vya mihirabu,
bandika vya kiwandani, vyeupe,
ving'ae kama bafu la hoteli.
Mimi ni fundi. Sikuuliza.

Msikiti wenyewe mdogo, hapa Moshi, Bondeni,
nyuma ya maduka ya magunia na kamba.
Nikaufuta ukuta kwa kitambaa na mafuta ya taa,
masizi ya ubani wa miaka themanini yakanijaa viganjani,
na chini yake ikafunguka buluu
ambayo sijaikuta kwenye boksi lolote.
Nyota za ncha nane: mraba,
na mraba mwenzake umeukalia mshazari.
Aliyezichora hakushika rula.
Mstari mmoja umepinda
pale ambapo, nadhani, alipiga chafya.

Nikahesabu, maana huhesabu kabla ya kukoroga saruji.
Sitini na tatu.
Cha sitini na nne ni kiraka,
kimepakwa rangi iliyobaki ya mlango.

"Vilikuja kwa treni kutoka Tanga," akasema katibu Mruma,
"kwenye kasha la majani makavu.
Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa ngozi.
Kimoja kilipasuka stesheni,
mchukuzi akakimbia bila ujira wake."

Shekue aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu,
alikuwa akisimulia huku anapima maji kwa kopo:
wafinyanzi wa Basra waliletewa sahani za Uchina,
nyeupe kama yai lililomenywa,
wakautazama udongo wao wa manjano.
Hawakulia.
Wakasaga bati, wakalichanganya na kioo,
wakauvika udongo kanzu.
Juu ya kanzu wakachora kwa buluu.
Na kwa kuwa haifai kula katika dhahabu,
wakapaka fedha na shaba, wakachoma ndani ya moshi
(moshi wa tanuri, si mji huu)
hadi bakuli la udongo likang'aa
kama limekopa jua na halina nia ya kulipa.

Nikabandua kimoja, nikakifunga kwenye fulana,
nikaenda nacho Kiboriloni kwa Nakijwa,
mama wa Usangi auzaye vyungu.
Akakigeuza. Akakilamba ukingo.
"Buluu hii moto wangu hauifikii.
Nachoma kwa nyasi na kuni, uwanjani, upepo ukipenda.
Nyota naiweza. Njoo baada ya wiki mbili."
Na kwa kuwa udongo uwahi ungali maji,
akapiga magoti pale pale, akachora
kwa kipande cha chungu kilichovunjika.

Ndipo nikaduwaa, mimi wa miaka ishirini kazini:
kile alichoshika ni kigae,
na kile alichokichora ni kigae.
Lugha yetu haikuona haja ya neno la pili.
Kinachotupwa jalalani, kigae.
Kinachowatazama wanaosujudu, kigae.
Kile ambacho bibi alichukulia kaa la moto kwa jirani
asubuhi za mvua, nacho kigae.

Nikaidanganya kamati kwamba saruji imeadimika.
Wiki mbili nzima. Mola atanisamehe, au atanikata ujira.

Kikatoka chekundu, chenye doa jeusi la moto,
na ncha saba; ya nane ililiwa na kuni mbichi.
Nikang'oa kiraka. Nikakilaza pale taratibu,
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia kwa shida.

Vile vya kiwandani niliviweka kwenye udhu.
Vinafaa. Maji yanateleza.

Ijumaa kamati ikaja, ikasimama, ikanyamaza.
Sitini na vitatu vya buluu, kimoja rangi ya chungu cha maharage.
Mruma akakipapasa kwa kidole, akatafuta ncha iliyokosekana,
akanigeukia:
"Hiki umekitoa wapi?"

"Stesheni," nikasema.